Kigoma: majina ya marehemu kwenye daftari la kituo, yanaondolewaje na utajuaje kama yamepigiwa kura?

MwanaKibirizi

Wakuu, salaam. Swali langu ni kwa wanaolijua daftari la wapiga kura kwa undani, si kwa wanaotaka kubishana vyama.

Mtaani kwetu kuna kikundi cha kuzikana. Katibu huandika kila msiba: jina la marehemu, tarehe, alikozikwa, michango. Limetolewa wazo la kulinganisha daftari hilo la misiba na orodha ya wapiga kura inayobandikwa kituoni, ili majina ya waliotangulia mbele ya haki yaondolewe kabla ya uchaguzi mwingine wowote, hata ule mdogo.

Kabla hatujaanza: je, jina la marehemu kuwemo daftarini linatosha kuthibitisha kwamba kuna mtu amelipigia kura? Kama halitoshi, kinachothibitisha ni nini? Nani hasa ana mamlaka ya kulifuta, na anataka karatasi gani? Na wakala aliyekaa kituoni akisikia linatajwa jina la mtu aliyezikwa, afanye nini dakika ileile?

Jambo hili linatuuma. Mtu tumemuosha, tumemswalia, tumemzika. Hatutaki jina lake liachwe mahali ambapo yeyote anaweza kuliokota.

KaraniUyui

Ndugu yangu, umeanza pazuri, maana swali la kwanza ndilo linalowapotosha wengi. Jina kuwemo ni jambo moja, kura kupigwa kwa jina hilo ni jambo lingine kabisa.

Daftari la Kudumu haliandikwi upya kila uchaguzi. Linaboreshwa, na sheria inataka liboreshwe mara mbili kati ya uchaguzi mkuu mmoja na mwingine. Uboreshaji wa mwisho ulizinduliwa hapohapo kwenu, viwanja vya Kawawa, tarehe 20 Julai 2024, na mzunguko wa kwanza ukawa Kigoma, Tabora na Katavi hadi tarehe 26. Awamu ya pili ilikuja 2025. Kati ya awamu na awamu, anayefariki anabaki daftarini. Hilo ni jambo la kawaida, wala si dalili ya wizi.

Kipimo cha haraka hiki hapa. Daftari lililotoka uchaguzi wa 2020 lilikuwa na wapiga kura 29,754,699. Tume ya Uchaguzi ilipotangaza makadirio ya uboreshaji ilisema inatarajia kuandikisha wapya 5,586,433 na kuondoa 594,494 waliopoteza sifa, wengi wa aina hiyo wakiwa ni marehemu. Gawanya: ni kama wawili katika kila mia. Kwa hiyo mtaa uliokuwa na wapiga kura 1,000 ungetarajiwa kupunguza majina 20 hivi kwa awamu zote mbili. Katibu wenu akihesabu misiba ya watu wazima 30 tangu 2020, na katika orodha waliofutwa ni wawili, hapo mnajua kazi haikufanyika mtaani kwenu. Akikuta wamefutwa 25, basi tatizo lenu ni dogo.

Sababu ya majina kubaki ni kwamba kifo hakisafiri chenyewe kutoka ofisi moja kwenda nyingine. Vifo vinasajiliwa na RITA, kitambulisho cha taifa kiko NIDA, daftari liko Tume. Mtu akifia hospitalini hutolewa tangazo la kifo, lakini familia nyingi huishia na kibali cha mazishi na hazifuatilii cheti. Akifia nyumbani kijijini, mara nyingi hakuna karatasi yoyote zaidi ya kumbukumbu ya mtendaji. Kwa mikoa yetu ongeza na jingine: watu wanahama kwa kazi. Mtu wa Kasulu anakwenda kulima tumbaku Urambo au Kaliua, anafia huko na kuzikwa huko. Mtendaji wa Urambo hana sababu ya kuandika Kasulu, na jina linabaki Kasulu. Mwambao wa ziwa ni hivyohivyo kwa wavuvi wa dagaa wanaohama kambi hadi kambi.

Wala si sisi peke yetu. Utafiti wa kituo cha Pew uliotolewa 2012 ulikuta majina ya marehemu yapatayo milioni 1.8 kwenye madaftari ya Marekani, nchi yenye kompyuta kila ofisi.

Ili jina la marehemu ligeuke kura, mambo matatu lazima yakutane: jina liwe limebaki, mtu apite mezani bila picha yake kulinganishwa (au msimamizi mwenyewe awe anashiriki), na alama iwekwe mbele ya jina hilo ili karatasi iliyotoka iwe na mwenyewe. Mkikata kimoja tu, kura hiyo haizaliwi. Kufuta jina mapema ndiyo njia rahisi kuliko zote.

Bibi_Nguruka

Naongezea upande wa kufuta, maana hapo watu wanachoka njiani.

Kuna milango miwili. Wa kwanza ni wa familia: kipindi cha uboreshaji ndugu wa marehemu anakwenda kituo kilekile alichoandikishwa marehemu, anatoa taarifa na kujaza fomu ya kuomba jina liondolewe. Aende na kadi ya mpiga kura ya marehemu ikiwepo, kwa sababu namba ya kadi inamaliza ubishi wa majina kufanana. Ushahidi wa kifo ulio bora ni cheti cha RITA. Ofisi ya msajili wa wilaya mnaipata kwa mkuu wa wilaya. Kama mtu alifia nyumbani, anzeni kwa mtendaji wa kijiji au mtaa, kisha kata, ndipo mwende kwa msajili. Sheria inataka kifo kitolewe taarifa ndani ya siku 30. Kikipita hapo bado kinasajiliwa, ila maswali yanakuwa mengi.

Mlango wa pili ni pingamizi. Daftari la awali linapowekwa wazi, mpiga kura yeyote aliyemo humo anaweza kupinga jina la mtu aliyepoteza sifa, na kufariki ni mojawapo ya sababu. Pingamizi linakwenda kwa afisa mwandikishaji, kupitia msaidizi wake ngazi ya kata. Asiyeridhika na uamuzi anakwenda mahakamani. Kinachoharibu hapa ni muda: siku za kuweka wazi ni chache, kama wiki moja kwa mkoa, na watu wanaanza kutafuta karatasi siku ya tano. Karatasi zitafutwe sasa, zikae tayari.

Tena jamani, kusajili kifo RITA hakufuti jina kwenye daftari la Tume. Ni safari mbili tofauti. Nyingi ya familia hudhani wakishapata cheti wamemaliza.

MwanaKibirizi

Asanteni sana. Bibi, shikamoo, hilo la safari mbili wengi hatukulijua.

Kuna kitu kimoja kinanitatiza. Uchaguzi wa serikali za mitaa wa Novemba 2024 nao watu walilalamika sehemu mbalimbali kuhusu majina ya marehemu kwenye orodha. Je, hizo orodha zinatoka kwenye daftari hilohilo?

KaraniUyui

Hapana, na tofauti hiyo ni kubwa kuliko watu wanavyodhani.

Uchaguzi wa serikali za mitaa unasimamiwa na TAMISEMI (ofisi ya Rais ya tawala za mikoa na serikali za mitaa) na una orodha yake ya wakazi. Mwaka 2024 uandikishaji ulikuwa siku kumi, tarehe 11 hadi 20 Oktoba, kura zikapigwa 27 Novemba. Orodha iliandikwa upya kwa kalamu, kitongoji kwa kitongoji na mtaa kwa mtaa, bila alama za vidole wala kadi. Mkazi alifika mwenyewe akaandikwa jina, jinsi, umri, akaweka saini.

Sasa fikiria. Kwenye Daftari la Kudumu, jina la mtu aliyefariki 2022 ni mabaki ya zamani, hakuna aliyetenda kosa. Kwenye orodha iliyoandikwa upya Oktoba 2024, jina la mtu aliyefariki 2022 haliwezi kuwa mabaki. Kuna mkono uliliandika ndani ya siku zile kumi, na kuna mkono uliosaini mbele yake. Jina moja tu la namna hiyo ni zito kuliko majina 50 ya kwenye Daftari la Kudumu. Mkiwa na nakala au picha za orodha zilizobandikwa, anzieni hapo, na muangalie safu ya saini: mwandiko mmoja kwenye mistari mitano mfululizo unaongea wenyewe.

WakalaKasulu

Niingie kwenye siku ya kura, maana ndiyo iliyoulizwa na bado haijajibiwa.

Vituo vinafunguliwa saa 1 asubuhi na kufungwa saa 10 jioni, aliyeko kwenye foleni saa 10 anapiga. Tanzania siku ya kura hakuna kupima alama za vidole. Alama zilichukuliwa wakati wa kuandikishwa ili kuzuia mtu kujiandikisha mara mbili. Mezani kuna daftari lililochapishwa lenye picha, na kuna macho ya watu. Kwa hiyo ulinzi wote wa jina la marehemu siku hiyo ni picha, sauti ya karani anapotaja jina, na wakala anayesikiliza.

Mpangeni wakala mzaliwa wa mtaa ule ule. Wakala aliyeletwa kutoka mjini atasikia "Hamisi Ramadhani" na hatajua kama ni yupi, hai au marehemu. Awe na orodha ya marehemu waliobaki daftarini, imepangwa kwa alfabeti kama daftari lilivyopangwa, karatasi mbili tu za kushika mkononi. Akiwa na kitabu kizima atachelewa.

Jina likitajwa na lipo kwenye orodha yake, aseme hapohapo, kabla mtu hajapewa karatasi za kura. Hiyo ndiyo dakika pekee yenye thamani. Karatasi ikishaingia sandukuni hakuna wa kuitoa, kura ni siri na haina jina. Amwombe msimamizi wa kituo, kwa sauti ya kawaida na kwa adabu, alinganishe picha ya daftarini na sura ya mtu, pamoja na tarehe ya kuzaliwa. Asimshike mtu, asimpige picha, asipige kelele. Mara nyingi itaonekana ni jina linalofanana tu na mtu anapiga kura yake kwa haki. Kama msimamizi anakataa kulinganisha, wakala aandike: saa, namba ya mstari daftarini, jina, alichoomba na alichojibiwa. Baadaye ayahamishe hayo kwenye fomu ya malalamiko ya wakala kabla ya kutia saini chochote. Namba za fomu zimekuwa zikibadilika, ombeni kwa jina lake.

Kingine wanachokisahau: kadi si lazima. Katika chaguzi za karibuni Tume imeruhusu aliyepoteza kadi kutumia kitambulisho cha taifa, leseni ya udereva au pasipoti, mradi jina liwemo daftarini na taarifa zilingane. Kwa hiyo kusema "kadi ya marehemu tumeizika naye" hakufungi mlango wote.

Lakini hatari kubwa, kwa maoni yangu, haimo kwa mtu mmoja anayejifanya marehemu. Iko mwisho wa siku, pale sanduku linapokuwa na karatasi nyingi kuliko waliofika. Chukua mfano: kituo kina majina 430, waliowekewa alama ni 312. Karatasi za ubunge sandukuni haziwezi kuzidi 312. Zikiwa 347, kuna 35 zisizo na mwenyewe. Anayetaka kuzificha inabidi aweke alama 35 zaidi kwenye daftari, na hataziweka kwa watu wanaoweza kujitokeza saa 9 na nusu wakiwa na kadi. Ataziweka kwa waliohama na waliofariki. Ndiyo maana majina haya ni hatari hata kama hakuna aliyekuja kujifanya wao.

Dawa yake ni wakala kuhesabu kwa vijiti, mafungu ya tano tano, kila anayepewa karatasi, na kufunga hesabu kila saa: mpaka saa 3 wangapi, saa 5 wangapi, saa 7, saa 9. Mpiga kura mwenye karatasi tatu, ya Rais, ya mbunge na ya diwani, anachukua dakika kadhaa tangu mezani hadi sandukuni. Foleni ikiwa tupu saa 9 na hesabu yako ni 290, halafu saa 10 daftari linasoma 350, hizo 60 zimetoka wapi? Kabla ya kuhesabu kura, mwombe msimamizi ataje kwa sauti idadi ya waliowekewa alama, karatasi zilizopokelewa, zilizoharibika na zisizotumika. Jumla zikubaliane. Zisipokubaliana, kataa kwa maandishi.

Wakili_Isevya

WakalaKasulu amegusa kitu ambacho kina mfano maarufu sana duniani. Mwaka 1948 huko Texas, Lyndon Johnson alishinda mchujo wa useneta kwa kura 87. Siku kadhaa baada ya kura, sanduku namba 13 la mji wa Alice lilikutwa na majina 202 yaliyoongezwa mwishoni mwa orodha: yamepangika kwa alfabeti, wino mmoja, mwandiko mmoja. Watu halisi hawaji kituoni kwa mpangilio wa alfabeti. Baadhi ya waliotajwa walisema hawakupiga kura, na wengine walikuwa wamekwisha kufariki. Kilichowaumbua ni karatasi yenyewe. Nanyi tazameni mpangilio: alama zinazofuatana mstari kwa mstari, kalamu tofauti na ya asubuhi, ukurasa mzima umejaa wakati kurasa nyingine zina nusu.

Sasa upande wa pili, na hapa naomba msikilize kwa makini. Kulinganisha majina vibaya kunaumiza walio hai. Mwaka 2020 jimbo la Georgia, Marekani, Donald Trump alidai karibu marehemu 5,000 walipiga kura. Wapelelezi wa jimbo walipofuatilia jina kwa jina walikuta kesi nne, kati ya kura zipatazo milioni tano. Orodha kubwa kama ile huzaliwa mtu anapolinganisha jina na mwaka wa kuzaliwa tu. Ujiji na Kasulu itakuwa mbaya zaidi, kwa sababu majina matatu yanarudiwa ukoo mzima, babu na mjukuu wanaitwa sawasawa, na wengi tarehe zao za kuzaliwa ni za kukadiria. Mkimfuta mjukuu aliye hai kwa sababu babu yake amefariki, mmemnyang'anya haki yake nanyi mmejiita walinzi wa haki. Kila jina lithibitishwe kwa vitu vitatu: majina yote matatu, namba ya kadi au picha, na ndugu wa karibu anayesema "ndiye".

Kwa mahakama, mambo ni magumu zaidi ya yanavyosemwa vijiweni. Daftari lililowekewa alama hufungwa pamoja na vifaa vya uchaguzi na kuhifadhiwa. Halifunguliwi kwa kuomba tu, inatakiwa amri ya mahakama. Lazima uonyeshe cheti cha kifo chenye tarehe iliyotangulia siku ya kura, uonyeshe kuwa aliyekufa ndiye huyo wa daftarini, kisha uonyeshe alama mbele ya jina lake. Ukishafika hapo bado kuna kizingiti: mahakama inauliza kama kasoro hiyo iliathiri matokeo. Mkithibitisha marehemu 14 na mshindi amezidi kwa 900, uchaguzi hautatenguliwa kwa hilo. Lakini kosa la jinai la kujifanya mtu mwingine linabaki palepale, hata kwa jina moja, na hilo linaanzia polisi.

Ya ubunge yanakwenda Mahakama Kuu, ya udiwani kwa hakimu mkazi. Matokeo ya Rais yakishatangazwa na Tume, Ibara ya 41(7) ya Katiba inazuia mahakama yoyote kuyachunguza. Kwa hiyo kwa kura ya Rais, kazi yote iko kabla ya kutangazwa, kituoni na kwenye daftari. Kigoma mnakumbuka shauri la ubunge wa Kigoma Kusini baada ya 2015: mgombea aliyeshindwa, David Kafulila, alisimamia tofauti za takwimu za fomu 21B, yaani fomu za matokeo za vituoni, na Mahakama Kuu ikalitupa mwaka 2016. Anayefikiria mahakama ajue fomu za vituo ndizo zitakazokaguliwa mstari kwa mstari, na nakala za mawakala zenye saini zinatakiwa ziwe kamili, si za vituo vitatu kati ya kumi.

MwanaKibirizi

Nimewaelewa vizuri. La mwisho: orodha yetu iwe na safu gani, na tuanze kukusanya kadi za marehemu kwa familia?

Bibi_Nguruka

Marahaba mwanangu. Safu saba zinatosha: majina matatu kama yalivyoandikwa daftarini (si jina la utani la mtaani), namba ya kadi, mwaka wa kuzaliwa, kituo, tarehe ya kifo, ushahidi uliopo, na jina la ndugu aliyethibitisha. Msitegemee daftari la kikundi peke yake, linawaacha wasio wanachama. Ombeni imamu na mwalimu wa madrasa wawasaidie kukumbuka mazishi. Parokia za Katoliki huwa na daftari la marehemu lenye tarehe, na mtendaji ana rejesta ya wakazi. Jina linalotokea sehemu mbili liwekeeni alama, linalotokea sehemu moja tu mkalihakikishe nyumbani kwao.

Kwanza nendeni kwa familia, kabla ya ofisi yoyote. Mjane asije akasikia kwa watu kwamba jina la mumewe linajadiliwa.

Kadi msikusanye kabisa. Rundo la kadi za marehemu ndani ya kabati la mtu ndilo jambo tunalolikimbia, na kukaa na kadi ya mtu mwingine bila sababu kunaweza kuwatia matatani. Andikeni namba tu. Kadi ibaki kwa familia mpaka uboreshaji utakapotangazwa, ndugu aipeleke mwenyewe kituoni, na akiikabidhi aombe maandishi ya kupokelewa yenye jina la afisa na tarehe.